Tiyo ya Pompi na Mafuta ya Mawese

Nyie vijana wenye munaingia sasa kwenye komite ya usalama, na kalamu kwenye mufuko ya shemizi na kitabu ya raporo kwapani, ikaeni kwanza. Miye Koko Feza, bibi yenu, kalamu sina. Nilisoma mwaka moja na nusu, kisha mama akaniita nikamusaidie kutwanga mupunga, njo vile masomo yangu iliisha. Lakini ile miaka yote nilitumika kwa komine, ile serikali ya mahali, niliona mambo! Mpaka leo nikikumbuka nashika kichwa.

Nitawaambia moja. Ile siku, Papa Sumaili, mukubwa wa wazima-moto, alikuwa amefungwa kamba mikono, pikipiki inanguruma inje tayari kumupeleka Kasongo mbele ya waamuzi. Na mwenye kosa ya kweli alikuwa palepale ndani, anashika birika ya chai, anauliza watu: "Niongeze sukari?"

Mwenye kosa ni miye.

Musiseme "aa, Koko!" Sikilizeni.

Jina ya ile senta, ule muji mudogo wetu, siseme. Iko kwenye barabara ya kwenda Kabambare, mwenye kupita anaijua, na watu wake wangali wanaishi. Kazi yangu ilikuwa kufagia biro ya komine, kufagia nyumba ya polisi pamoja na kasho, ile chumba ya kufungia watu, na kushika funguo ya depo, ile stoo ya vyombo. Na chai ya mikutano. Burgumesta, ule mukubwa wa komine, hakukunywa chai ya mutu mwingine.

Sasa siku moja karatasi ikatoka huko juu: kila senta iwe na komite ya kuangalia kazi ya polisi na ya wazima-moto, na ndani ya komite sharti kuwe mwanamuke. Burgumesta akaangalia kuume, akaangalia kushoto. Akaniona nimeinama na fagio.

"Mama Feza, acha fagio, ikaa hapa."

"Mukubwa, nimelowana."

"Ikaa vilevile."

Njo vile niliingia katika serikali, watoto. Na kanga ya maji.

Komanda wa polisi alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alisema: "Loo! Leo fagio njo itatufanyia kontrole, itatukagua?" Nikamujibu: "Bwana komanda, fagio inafika pembe zenye jicho haifike." Watu wakacheka. Yee hakucheka tena.

Na ni kweli. Wale wengine wa komite, mwalimu na muzee wa muskiti, walikuwa wanafungua vitabu na kusoma. Miye kitabu haikunisaidia kitu. Lakini vumbi najua kuisoma. Ukiingia mahali, angalia chini ya kitu, hapana juu. Juu wanapangusa wakisikia unakuja. Kadena, ile kufuli ya mulango, yenye buibui amefunga nyuzi, hata wakuambie inafunguliwa kila siku, ule buibui ni shahidi.

Muniache niwaambie ya sahani kwanza, tutarudi kwa Papa Sumaili.

Kwetu, mutu akifungwa, jamaa njo inamuletea chakula. Basi siku ya kontrole, komanda anafungua kitabu yake, mwalimu anasoma: watu watatu kwenye kasho. Muzuri. Wanatia sini, sahihi yao, chini ya ukurasa. Miye niko naangalia pale mulangoni, naona sahani zimepangwa, zimefunikwa na vitambaa. Nahesabu na vidole. Tano.

Nasema: "Bwana komanda, kitabu inasema wangapi?"

"Watatu, mama."

"Na sahani zinasema watano."

"Labda wanakula sana."

"Na kila moja iko na kitambaa ya mama mwingine? Hii ni ya nyumba ya Mariamu, hii kitambaa ya maua ni ya ule mama anauzaka ndimu. Mutoto wake iko wapi kwenye kitabu?"

Muzee wa muskiti akashika ndevu. Wakafungua kasho: watu watano, wawili hawakuandikwa mahali popote. Wawili, nyie vijana! Watu wazima, wana jina, wana mama, na hawako kwenye kitabu hata moja ya dunia! Ingekuwa mama zao hawakupika siku ile, nani angejua? Kuanzia pale, mbele ya kitabu kusomwa, nilikuwa nahesabu sahani. Komanda akaniitaka "Mama Sahani". Nikaitika, juu ya nini nisiitike?

Njo vile nilianza kujivuna. Na mutu akijivuna, Mungu anamutafutia panya.

Sasa Papa Sumaili. Mutu wa kabila ya Wabangubangu, mwembamba, mukulima, mwenye kusema maneno tatu kwa siku. Wazima-moto wetu hawakuwa na gari kama munaona kwenye simu. Walikuwa wanaume sita wa kujitolea, ndoo za mchanga, na pompi moja ya mashini na tiyo yake ndefu ya kitambaa kigumu, ya kupitishia maji. Wanaweka pompi kwenye kijito, wanavuta kamba, maji inaruka. Kila siku ya kwanza ya juma Papa Sumaili alikuja kwangu kuomba funguo, anatoa pompi, anaiwasha, anamwanga maji bure kwa barabara, watoto wanaoga, kisha anaanika tiyo kwenye ukuta. Tiyo ile ilikuwa chafu, rangi ya udongo. Siku moja nilimuambia: "Papa Sumaili, ile tiyo unaionea haya? Niifue." Akanijibu: "Mama Feza, kitu ya kuzima moto hawaipambe. Wanaitumia." Hayo ni maneno mengi kwake, mujue ilimuingia.

Na miye? Iliingia huku ikatokea huku.

Kisha tukasikia wakubwa wanakuja kutoka juu, kuangalia kama sisi wa komite tunaangalia muzuri. Wee! Mugeni kwetu munajua. Mugeni akikuja, jirani anakuazima viti, mwingine mukeka, mwingine gilasi zenye mustari wa dhahabu. Hakuna mutu anasema ni uongo. Ni heshima. Basi senta nzima ikaanza kuazimana. Magodoro ya wagonjwa yakaja kulala kwenye kasho. Polisi wawili walivaa viatu vya mwalimu. Na miye nikafungua depo yangu, nikaangalia ile tiyo, nikasema: yote imependeza, hii peke yake itatutia haya?

Papa Sumaili hakuwako. Alienda kilio huko Lusangi, amefiwa na shemeji. Nikakamata chupa ya mafuta ya mawese, ile mazuri, nyekundu, nimeikamua mwenyewe. Nikamwanga kwenye kitambaa, nikaanza kupaka. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikaipaka sawa mutoto mwenye ametoka kuoga! Iling'aa, watoto, iling'aa kama nyoka mwenye amebadilisha ngozi. Nilisimama pale nikajipigia makofi.

Wakubwa wakakuja. Mukubwa wao, na miwani, akafika kwa tiyo, akaishika, akanusa vidole vyake.

"Hii tiyo inanipa njaa," akasema.

Sisi wote tukacheka! Kwenye raporo wakaandika pompi ni safi, mufano kwa wengine. Tukapiga makofi, wakakula kuku, wakaenda.

Mutu muzima na miwani anasema tiyo inamupa njaa, na miye nacheka. Sikujiuliza kama mutu anasikia njaa, panya anasikia nini.

Papa Sumaili akarudi, siku ya kwanza ya juma akakuja: "Mama Feza, funguo." Burgumesta alikuwa amenikataza. Alisema: pompi imesifiwa, isiguswe tena, wageni wengine wakikuja waikute inang'aa vile. Basi nikamuambia hapana. Akasema: "Pompi ni sawa mutu. Ikilala sana, haiamuke." Akaenda. Juma ya pili akarudi, nikamukatalia tena. Funguo ilikuwa hapa, kwenye kanga, nimeifunga fundo. Juma ya tatu hakukuja. Alipita kwa barabara, akaniangalia tu. Ile jicho ningali nayo.

Kiangazi ikafika. Nyasi ikakauka mpaka inalia ukikanyaga.

Siku ya soko, kisha tu ya sala ya adhuhuri, mama moja anakaanga mandazi karibu na meza ya wauza petroli wa chupa. Sijue ni nani alisukuma nani. Nilisikia "vuuu!", nikatoka inje na fagio mukononi, na meza tano zilikuwa zinawaka. Upepo ukakamata ile moto ukaipeleka moja kwa moja kwa nyumba ya polisi, yenye majani juu. Na kwenye kasho mulikuwa watu wanne. Niliwahesabu asubuhi na sahani zao.

Papa Sumaili alifika mbio, na wanaume wake. "Funguo!" Nikafungua fundo na meno. Wakatoa pompi, wakaiweka kwenye kijito, wakavuta kamba mara nane, mara tisa, ikaamuka! Watu wakashangilia. Wakakunjua tiyo.

Yesu na Maria, na Mutume wa jirani zangu! Maji ilitoka kila mahali isipokuwa kwenye mudomo. Tundu hapa, tundu pale, inaruka juu, inaruka pembeni, inawaoga wenye kushika, na kule mbele, kwenye mudomo, kunatoka tone, tone, sawa mutoto mwenye anaogopa kukojoa. Watu wengine walicheka. Kweli, walicheka, kufumba na kufumbua, sababu macho haikuelewa bado. Kisha ule mama wa nyumba ya Mariamu akapiga yowe: "Mutoto wangu iko ndani!" Kicheko ikakatika.

Panya walikula ile mafuta yangu, na tiyo pamoja.

Papa Sumaili alishika ile kitambaa, akaona alama za meno, akanusa. Akainua kichwa akanitafuta. Akaniona. Akaitupa chini, akakimbia kwenye kasho.

Sasa kule kwenye kasho kadena imefungwa, na polisi mwenye funguo amepanda pikipiki tangu asubuhi, amefuata mambo yake kwenye njia ya Salamabila. Komanda anageuza mifuko yake yote, mpaka ya nyuma, wapi! Wanaume wanapiga kadena na mawe. Chuma ngumu ya Wachina, unaipiga inakuchekea. Ndani watu wanapiga mulango, moshi unaingia.

Na miye, watoto, nilikuwa nafagia ile chumba miaka kumi na kitu. Kila juma namwanga maji chini, maji inaenda kwenye pembe ya mulango, upande wa bawaba. Nilikuwa naona kutu inakula misumari, kila mwaka kidogo. Nikapiga kelele: "Muache kadena! Pigeni huku! Kwenye bawaba! Huku chini!" Komanda ananiambia: "Mama, toka hapa!" Nikamupiga na fagio. Kwenye mukono wake. Komanda wa polisi! Papa Sumaili peke yake alinisikia. Akarusha mugongo wake mwembamba pale nilipoonyesha, mara moja, mara mbili, mulango ikaanguka na upande ule, kadena ikabaki imefungwa muzuri, inaning'inia kwenye fremu, haina kazi. Watu wanne wakatoka wanakohoa. Moja mukono iliungua, ikapona. Nikawahesabu. Nikawahesabu tena.

Na nyumba zingine? Waliziponya wamama wa soko. Walikamata mabeseni ya muhogo wa kuloweka, maji ya siku tatu yenye kunuka, wakaitupa juu ya majani. Senta nzima ilinuka muhogo mpaka mwezi ukaisha. Hakuna mutu alilalamika.

Kisha ya siku mbili burgumesta akaita mukutano. Walitafuta mwenye kosa. Na munajua vile inakuwaka: mwenye kusema kidogo njo wanamutwika. Moja akasema, pompi ilisifiwa na wakubwa, iko kwenye raporo, basi tiyo nzima ilikuwako, Sumaili aliiuza akaweka ya zamani. Mwingine akasema, kweli, nilimuona na muzigo siku ya kwenda Lusangi. Muzigo ya kilio, watu wa Mungu! Mupunga ya wafiwa!

Komanda akaleta kamba. Kasho iliungua, hakuna pa kumufungia, njo wakaita pikipiki ya kumupeleka Kasongo. Burgumesta akamuuliza: "Sumaili, unasema nini?"

Papa Sumaili akaangalia chini. "Tiyo ilikuwa mikononi mwangu," akasema. Basi.

Alijua! Alinusa ile mafuta, alijua ni ya nani, senta nzima ilikuwa inanunua mafuta kwangu. Na hakunitaja. Na miye niko pale nasema niongeze sukari.

Nilitaka kunyamaza. Siwafiche. Nilijiambia: Feza, uko mujane, ukifukuzwa utaenda wapi, yee ni mwanaume, atajibu huko Kasongo, watamuachilia. Nikafika na birika mbele yake. Mikono imefungwa, hawezi kushika gilasi. Ananiangalia tu, na hasira haikuwako ndani ya ile jicho. Ilikuwa kama mutu anangojea zamu yake kwenye kisima.

Birika ikanianguka. Chai ikaenda kwenye viatu vya burgumesta.

"Ni miye," nikasema. "Niliipaka mawese."

"Ulipaka nini?"

"Tiyo. Ili ing'ae. Na akaniomba funguo mara mbili, nikamukatalia, na weye mukubwa njo uliniambia nikatae. Wakati tulipigia ile raporo makofi, panya walikuwa wameisha kukaa mezani."

Kisha muzee wa muskiti akafunika uso na mikono, mabega yanatikisika, nikafikiri analia. Kumbe anacheka. "Subhanallah," anasema, "tuliikagua, ikapendeza, tukainusa, tukasikia njaa!" Na burgumesta, ule mutu mukali, akakaa chini pole pole, akasema: "Kweli, niliikataza mwenyewe." Sikutegemea kusikia ile maneno katika maisha yangu.

Komanda akauliza: "Sasa hii kamba nifunge nani? Panya?"

Wakamufungua Papa Sumaili. Pikipiki inje ikazima mashini.

Hawakunifukuza. Papa Sumaili aliomba kitu moja tu: nimusaidie kutengeneza. Tiyo mupya kutoka juu tuliingojea mpaka tukachoka. Basi kila kisha ya kazi tunakaa miye na yee kwenye ngazi ya biro, yee anakata vipande vya mupira ya ndani ya kinga, ile baiskeli, miye natia gundi, nabandika, nashona juu na uzi wa kushonea magunia. Tundu moja moja. Mwezi nzima karibu hatuongei. Siku moja nikamuambia: "Papa Sumaili, unisamehe." Akasema: "Shona." Nikashona.

Ilipoisha, ilikuwa mbaya! Mabaka nyeusi kila mahali, sawa mugonjwa mwenye amefungwa bandeji mwili yote. Mugeni mwenye miwani angeiona, angeficha mukono kwenye mufuko asiiguse.

Siku ya kontrole ikafika. Komite nzima, burgumesta mbele, na hakuna mutu aliazima kiti. Mwalimu akafungua kitabu, akauliza, pompi iko? Iko. Tiyo iko? Iko. Akataka kuandika. Papa Sumaili akamushika mukono. Akachukua mudomo wa tiyo, akakuja kwangu, akanitia mukononi. Nikasema: "Miye?" Akaenda kwenye kijito akavuta kamba.

Nilisikia tiyo inavimba kwenye mikono, inakuwa ngumu, inakuwa na uzima. Kisha ikanipiga teke. Maji ilitoka na nguvu, ikanirusha nyuma, nikakaa kwenye matope mbele ya serikali yote, kanga huku, kilemba kule, na sikuiachilia. Maji ilipanda ikaanguka kwenye manjanja, yale mabati ya biro, burgumesta analowana, komanda anakimbia, wamama wa soko wanapiga vigelegele. Miye niko chini nacheka nalia.

Papa Sumaili akazima pompi. Akakuja akasimama juu yangu, akamugeukia mwalimu.

"Sasa," akasema, "andika."